Meza, kura 51 au kura ya wananchi: njia tatu za kubadili bima ya afya Marekani zikilinganishwa

Anayetaka kubadili sheria ya bima ya afya Marekani ana njia tatu zilizokwisha kutembewa. Ya kwanza ni kuketi na wenye biashara ya afya, yaani kampuni za bima, watengenezaji wa dawa, hospitali na madaktari, na kuelewana nao kabla mswada haujapigiwa kura. Ya pili ni kuwapita kwa nguvu ya chama kimoja katika Kongresi, watake wasitake. Ya tatu ni kuwaruka wabunge na kuwapelekea swali wapiga kura wa jimbo.

Vyama vya wagonjwa, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya kiraia hubishana sana kuhusu ipi ifuatwe, na mara nyingi ubishi huo ni wa tabia tu: wapole wanataka meza, wakali wanataka vita. Sisi tunaona njia ichaguliwe kwa swali moja linalotangulia mengine yote: mabadiliko unayoyataka yanamwingizia nani pesa, na yanamnyima nani? Ukitaka watu wengi zaidi wawe na bima, unaiongezea sekta wateja ambao mtu mwingine anawalipia. Ukitaka bei ishuke, kila dola unayomwokolea mgonjwa ni mapato ya mtu aliyeajiri washawishi. Hayo ni mapambano mawili tofauti kabisa, na silaha ya moja haifai kwa jingine.

| | Meza | Kura 51 | Kura ya wananchi |
|---|---|---|---|
| Kura zinazohitajika | 60 kati ya 100 katika Seneti | 50 na ya makamu wa rais | Zaidi ya nusu. Florida asilimia 60 |
| Sekta inafanya nini | Inatoa ahadi ya pesa, inaomba kinga | Inawabana maseneta wachache, inaandika vighairi | Inalipia kampeni yako, au inakuzamisha kwa matangazo |
| Hatari kubwa | Unachopewa leo kinaondolewa kimyakimya baadaye | Sheria inakuwa nyembamba au yenye tarehe ya mwisho | Wabunge wanakataa kutekeleza |
| Inafaa zaidi kwa | Kupanua bima nchi nzima | Kushusha bei | Kupanua Medicaid (bima ya wenye kipato kidogo) jimboni |

Kwa nini watu walikimbilia meza

Mwaka 2009, Rais Obama alipoanza kutafuta sheria ya bima ya afya iliyokuja kuitwa Obamacare, hakuna aliyetaka kurudia yaliyompata Rais Clinton. Mpango wake ulitungwa na kikosi kilichoongozwa na Hillary Clinton kuanzia Januari 1993, kwa sehemu kubwa faraghani, na mswada ulipotoka ulikuwa na kurasa 1,342. Ndani ya kurasa hizo kila mwenye biashara alikuta kitu cha kuogopa. Kampuni ndogo na za kati za bima ziliona zitasukumwa nje ya soko. Wenye biashara ndogo waliona watalazimishwa kuwakatia wafanyakazi bima. Watengenezaji wa dawa waliona bei zao zitachunguzwa.

Chama cha kampuni za bima cha wakati huo, HIAA, kikatoa matangazo ya televisheni ya mume na mke, Harry na Louise. Yafaa kuliangalia tangazo lile kwa karibu, maana mengi yaliyofuata yamekopa kwake. Wawili wameketi nyumbani na karatasi za bili mezani. Wanakubaliana kwamba huduma ya afya inahitaji marekebisho. Kisha wasiwasi unaingia: je, serikali itatulazimisha kuchagua kati ya mipango michache iliyobuniwa na maofisa wake? Wao wakichagua, sisi tunapoteza. Hakuna tajiri wa bima anayeonekana. Jina lililowekwa kuwa ndilo lililolipia tangazo ni la muungano wenye kusema unatetea uhuru wa kuchagua bima. Tangazo halipingi mageuzi. Linampa mtu ambaye tayari ana bima sababu ya kuogopa kuipoteza, na huyo ndiye mpiga kura wa kawaida.

Tarehe 26 Septemba 1994 kiongozi wa walio wengi katika Seneti, George Mitchell, alitangaza kwamba mpango umekwisha. Clinton alikuwa amechokoza mizinga yote ya nyuki kwa pamoja, na hakuwa na kura za kustahimili kuumwa. Kama kuna jambo moja la kubeba kutoka 1994 ni hili: usiunganishe maadui ambao, ukiwaacha, wana ugomvi wao wenyewe.

Mezani: nini kilitolewa, nini kilibaki

Watu wa Obama walifanya kinyume. Juni 2009 chama cha watengenezaji wa dawa, PhRMA, kiliahidi kuchangia dola bilioni 80 kwa miaka 10, kupitia punguzo na malipo mengine. Julai hospitali zikaahidi kupunguziwa malipo ya serikali kwa dola bilioni 155 katika kipindi hichohicho. PhRMA ilipata ilichokitaka: Medicare, bima ya serikali ya wazee, isipewe ruhusa ya kujadiliana bei za dawa, na dawa za bei nafuu zisiruhusiwe kuingizwa kutoka nje. Desemba hiyo pendekezo la seneta Byron Dorgan la kuruhusu dawa kutoka nje lilipata kura 51 dhidi ya 48, likaanguka kwa sababu lilihitaji 60.

Kampuni za bima zilikuwa na hesabu yao, na ilikuwa ya haki kibiashara. Zilikuwa tayari kumpokea kila mtu, hata mwenye ugonjwa wa siku nyingi, ikiwa sheria itamlazimisha kila mtu kukata bima. Bila sharti hilo watu wangengoja waugue ndipo wakate, na mfuko ungebaki na wagonjwa peke yao. Maseneta walipopunguza faini ya kutokuwa na bima, maelewano yakalegea. Oktoba 2009 chama chao, AHIP, kikatoa ripoti ya kuonya kwamba malipo ya bima yangepanda, siku moja kabla ya kamati ya fedha ya Seneti kupiga kura. Baadaye ikafichuka kwamba mwaka huohuo chama hicho kilikuwa kimeipatia Chemba ya Biashara ya Marekani dola milioni 86.2, na Chemba ndiyo iliyokuwa ikirusha matangazo ya kuupinga mswada. Kikulacho ki nguoni mwako. Anayekaa mezani na wewe anaweza, siku hiyohiyo, kumlipa anayekurushia mawe kwa nje, na kwa sheria za vyama vya biashara hana wajibu wa kukuambia.

Mswada ulipita Seneti kwa kura 60 dhidi ya 39 asubuhi ya mkesha wa Krismasi 2009, ukiwa umeachwa bila bima ya umma ya kushindana na kampuni binafsi. Ukiwa na 60 kamili, idadi inayohitajika kukata mjadala usio na mwisho, kila seneta ni mwenye mlango. Joe Lieberman wa Connecticut alikataa bima ya umma, kisha akakataa hata pendekezo la kuwaruhusu wenye miaka 55 hadi 64 kujiunga na Medicare kwa kulipia. Hakuna tangazo lililohitajika hapo. Mtu mmoja alitosha.

Sasa tazama kilichodumu. Sheria ilitiwa saini tarehe 23 Machi 2010. Kodi ya kampuni za bima, kodi ya asilimia 2.3 ya vifaa vya tiba, na kodi ya asilimia 40 ya bima za gharama kubwa zilikuwa sehemu ya mapato ya kuigharamia. Ile ya vifaa ilianza kutozwa 2013 ikaja kusimamishwa, ya bima ikawa inasimamishwa mwaka mmoja na kurudi mwingine, na ile ya bima ghali iliahirishwa mara kwa mara bila kuwahi kutozwa. Desemba 2019 zote tatu zilifutwa ndani ya sheria ya matumizi ya serikali, bila kelele. Bodi huru iliyokusudiwa kubana gharama za Medicare ilifutwa 2018 kabla mjumbe hata mmoja hajaketi.

Lakini marufuku ya kumkataa mgonjwa ipo. Haki ya kijana kubaki kwenye bima ya mzazi hadi afikishe miaka 26 ipo. Sharti kwamba kampuni itumie angalau asilimia 80 ya malipo ya bima ya mtu mmojammoja na vikundi vidogo kwa matibabu, na asilimia 85 kwa vikundi vikubwa, na ikishindwa irudishe tofauti kwa wateja, nalo lipo. Mwaka 2017 Kongresi ilipojaribu kuifuta sheria, jaribio lilianguka kwa kura 49 dhidi ya 51 usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, na hospitali na madaktari walikuwa upande wa kuitetea, kwa kuwa sasa mapato yao yalitegemea wenye bima hao wapya.

Kwa hiyo ukienda mezani, usifurahie sana bilioni zinazoahidiwa. Kodi ina mlipaji mmoja anayeikumbuka kila siku na hakuna raia anayejua ilikuwapo. Omba kanuni ambazo mgonjwa anaziona kwa macho yake: haki ya kupokewa, kikomo cha malipo, rejesho linalofika kwake. Na kama ni lazima uache jambo, liache nje ya sheria. Usikubali kuandika marufuku. Sheria ya dawa ya Medicare ya 2003 iliandika waziwazi kwamba waziri wa afya asiingilie bei kati ya kampuni. Mwenyekiti wa kamati iliyoshughulikia sheria hiyo, Billy Tauzin, alikwenda kuongoza PhRMA mwaka 2005. Kuivunja marufuku ile kulichukua karibu miaka 20. Pengo katika sheria huzibwa kwa mswada mdogo. Marufuku iliyoandikwa humpa mpinzani ngome.

Kura 51: nguvu yenye masharti

Njia ya pili hutumia utaratibu wa upatanisho wa bajeti. Mswada wa bajeti katika Seneti hauwezi kukwamishwa kwa mjadala usio na mwisho, hivyo maseneta 50 na kura ya makamu wa rais wanatosha. Sharti lake ni kanuni ya Byrd: kila kifungu lazima kibadili matumizi au mapato ya serikali, na badiliko hilo lisiwe jambo la kando tu la sera yenyewe. Mshauri wa kanuni wa Seneti husikiliza pande zote, kisha hutoa maoni ya nini kitoke.

Mfano mzuri ni sheria iliyotiwa saini tarehe 16 Agosti 2022, iliyopita Seneti kwa 51 dhidi ya 50 kwa kura ya Kamala Harris. Iliipa Medicare ruhusa ya kujadiliana bei za dawa, ikaweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini ya wazee, na kikomo cha dola 2,000 kwa mwaka kwa dawa zao kuanzia 2025. Dawa 10 za kwanza zilitangazwa Agosti 2023, miongoni mwake Eliquis, Januvia na Xarelto, na bei mpya zikaanza tarehe 1 Januari 2026. Januvia ilishuka kwa asilimia 79 kulinganisha na bei iliyotangazwa na mtengenezaji: kutoka dola 527 hadi 113 kwa dozi ya siku 30. Hakuna meza iliyowahi kuleta kitu kama hicho, na hatuamini kwamba ingeweza.

Angalia pia kilichokatwa njiani, kwa sababu hapo ndipo washawishi hufanya kazi yao ya ustadi. Mswada wa Baraza la Wawakilishi wa 2019 ulitaka majadiliano kuhusu hadi dawa 250, na bei hizo ziwafae hata wenye bima binafsi. Septemba 2021 wabunge watatu wa chama cha Democratic, chama chenyewe kilichokuwa kikiusukuma mswada, Scott Peters, Kathleen Rice na Kurt Schrader, walikataa kifungu hicho katika kamati, na kwa hesabu za kamati kura tatu zilitosha kukiangusha. Kilichorudi baadaye kilikuwa chembamba: dawa 10, kisha 15, 15, na 20 kila mwaka kuanzia 2029, dawa za vidonge zisiguswe kwa miaka 9 tangu ziidhinishwe, na zile zinazotokana na viumbe hai kwa miaka 13, dawa za ugonjwa mmoja adimu zisamehewe. Msamaha huo wa mwisho ulipanuliwa tena katika sheria ya Julai 2025.

Katika njia hii vita haviko kwenye televisheni. Viko kwenye tafsiri ya maneno: miaka 9 au 13, ugonjwa mmoja au zaidi, kampuni ndogo ni ipi. Kikundi kinachoingia humu kikiwa na wapiga debe tu, bila mtu wa kusoma vifungu usiku uleule vinapotolewa, kitaamka asubuhi na kukuta jina la sheria lipo na nyama haipo.

Insulini inaonyesha mpaka wa njia hii vizuri kuliko hotuba yoyote. Kikomo cha dola 35 kiliandikwa kwa wazee wa Medicare na kwa wenye bima binafsi. Cha Medicare kilipita, kwa kuwa ni pesa za serikali. Cha bima binafsi kilipingwa kwamba kinavunja kanuni ya Byrd. Ili kukiokoa zilihitajika kura 60, zikapatikana 57. Mwenye kisukari wa miaka 40 aliyekatiwa bima na mwajiri akaachwa nje kwa kura 3. Ukipanga kutumia njia hii, pitia kila kifungu ujiulize: pesa hii ni ya hazina au ya mtu binafsi? Ikiwa ni ya mtu binafsi, usiwaahidi wanachama wako.

Kasoro ya pili ni tarehe ya mwisho. Gharama zinapohesabiwa, watunga sheria hufupisha muda ili namba itoshee. Nyongeza ya ruzuku ya malipo ya bima iliyoanza 2021 iliandikwa hivyo, ikaongezwa hadi mwisho wa 2025, na mzozo juu yake ukawa kiini cha kufungwa kwa shughuli za serikali kulikoanza tarehe 1 Oktoba 2025. Kampuni za bima zilitaka ruzuku ibaki, maana pesa hizo huishia kwao.

Kasoro ya tatu ni kwamba kisu hiki kina makali pande zote. Mwenye 50 kesho ni mpinzani wako. Julai 2025 upande wa pili, Warepublikan, ulitumia utaratibu uleule, nao kwa kura ya makamu wa rais, kupunguza matumizi ya Medicaid na kuwawekea watu wazima walioingizwa na sheria ya 2010 sharti la saa 80 za kazi au shughuli nyingine zinazokubaliwa kwa mwezi. Hospitali zilipinga, zikashindwa. Ulinzi wa 2017 haukurudi.

Kura ya wananchi: rafiki yako ni hospitali

Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2012 kwamba kupanua Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, ni hiari ya kila jimbo. Upanuzi huwafikia watu wazima wenye kipato hadi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini, na serikali kuu hulipa asilimia 90. Wabunge wa majimbo kadhaa walipokataa, wananchi waliamua wenyewe: Maine 2017, Idaho, Nebraska na Utah 2018, Oklahoma na Missouri 2020, South Dakota 2022. Haya ni majimbo ambayo mengi yake huwapigia kura Warepublikan, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya njia hii: swali linaulizwa bila jina la chama pembeni.

Lakini soma orodha ya wafadhili wa kampeni hizi. Hospitali na vyama vyao wamo. Mgonjwa asiye na bima anapofika chumba cha dharura lazima apokewe, na bili yake mara nyingi hailipwi. Akiwa na Medicaid, bima hiyo humlipia. Kampeni hizi zilishinda kwa hoja nzuri, ndiyo, ila zilishinda pia kwa sababu hakukuwa na tajiri wa upande wa pili.

Montana 2018 inathibitisha. Upanuzi wake ulikuwa unakaribia kuisha muda, na waandaaji wakaufungasha pamoja na kodi ya sigara ili ujilipie. Kampuni za tumbaku zikamwaga zaidi ya dola milioni 17 katika jimbo lenye watu kama milioni moja, na pendekezo likaanguka. Mwaka uliofuata bunge la jimbo liliongeza muda wa upanuzi. Wananchi hawakuwa wamekataa Medicaid. Waandaaji walikuwa wamejitafutia adui ambaye hawakuwa na haja naye.

Ukiigeuza njia hii kuwa silaha ya kushusha bei, rekodi inasikitisha. California 2016, pendekezo la kuzuia jimbo lisilipe dawa zaidi ya bei inayolipwa na idara ya maveterani lilikabiliwa na zaidi ya dola milioni 100 za watengenezaji, likashindwa. California 2018, pendekezo la kubana mapato ya kliniki za kusafisha damu lilikabiliwa na zaidi ya milioni 110, likashindwa. Colorado 2016, mpango wa bima moja kwa wote ulikataliwa na karibu asilimia 79. Mbinu ni ileile ya meza ya Harry na Louise: huhitaji kumshawishi mpiga kura kwamba pendekezo ni baya, inatosha atilie shaka, kwa kuwa mwenye shaka hupiga kura ya hapana.

Utekelezaji ndio mtihani wa pili. Maine ilipitisha Novemba 2017. Gavana Paul LePage akagoma, na ikabidi gavana mpya, Janet Mills, aanze Januari 2019. Utah ilipitisha kama sheria ya kawaida, na miezi mitatu baadaye wabunge wakaibadilisha kwa toleo dogo. Missouri iliandika katika katiba. Wabunge wakakataa kutoa pesa, lakini Julai 2021 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba badiliko hilo ni halali, na njia ya kuandikisha watu ikafunguka. Tofauti ya Utah na Missouri iko kwenye aina ya pendekezo. Sahihi za kubadili katiba ni nyingi zaidi na gharama ni kubwa zaidi, na bado tungelipa tofauti hiyo kila mara.

Hakikisha pia mlango upo. Kati ya majimbo 10 ambayo hayajapanua, Texas, Georgia, Alabama, Tennessee, South Carolina, Kansas na Wisconsin hayana njia ya wananchi kupeleka pendekezo la namna hii. Mississippi ilikuwa nayo, lakini katiba yake ilitaka sahihi zigawanywe katika wilaya 5 za uchaguzi wa Kongresi, na jimbo sasa lina 4; Mei 2021 mahakama ilisema kwamba sharti haliwezi kutimizwa, na kampeni ya Medicaid iliyokuwa ikiandaliwa ikafa hapo.

Sekta inapogombana yenyewe

Kuna hali ya nne isiyokaa vizuri kwenye jedwali. Kwenye suala la bili za kushtukiza, pale mgonjwa anapokwenda hospitali iliyo ndani ya mtandao wa bima yake na kutibiwa na daktari aliye nje ya mtandao, kampuni za bima na makampuni ya madaktari walikuwa pande mbili. Bima zilitaka malipo yafuate kiwango cha wastani. Madaktari walitaka usuluhishi. Mwaka 2019 kikundi kilichojiita Doctor Patient Unity kilirusha matangazo ya mamilioni ya dola. Baadaye ikajulikana kwamba wafadhili wake wakuu walikuwa TeamHealth na Envision, kampuni za huduma za madaktari zilizomilikiwa wakati huo na mifuko ya uwekezaji. Sheria ilipita Desemba 2020 na kuanza Januari 2022. Mgonjwa alikingwa, na hilo ni jambo kubwa. Upande wa pesa ulikwenda kwa usuluhishi, na mashauri yaliyotarajiwa kuwa chini ya elfu 25 kwa mwaka yalipita laki tatu katika mwaka wa kwanza. Sekta ikigawanyika, mgonjwa anaweza kupata kinga haraka, lakini bili ya ugomvi hurudi kwenye malipo ya bima ya kila mtu.

Kujua adui ni nani kabla ya kuchagua

Kabla ya kuamua, tumia siku mbili kwenye ripoti za ushawishi zilizoko wazi kwenye tovuti za Seneti na Baraza la Wawakilishi. Ripoti za LD-2 hutolewa kila robo mwaka, na mwisho wake ni tarehe 20 ya Aprili, Julai, Oktoba na Januari. Tafuta kwa alama za masuala: HCR kwa afya, MMM kwa Medicare na Medicaid, INS kwa bima, PHA kwa dawa. Kiasi hukadiriwa kwa makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo usijenge hoja juu ya tofauti ndogo. Kinachofaa zaidi kuliko kiasi ni maelezo ya masuala: namba za miswada, na wakati mwingine vifungu. Angalia pia nafasi za serikalini ambazo mshawishi alishika katika miaka 20 iliyopita. Msaidizi wa zamani wa kamati ya fedha hakuajiriwa kwa ajili ya kuandika barua.

Ripoti hizi zina mapengo mawili. Hazitaji mbunge aliyeonwa, zinataja tu chombo: Seneti, Baraza, wizara. Na matangazo ya televisheni kwa umma hayahesabiwi kuwa ushawishi chini ya sheria hiyo. Milioni 86.2 za AHIP zisingeonekana humo kama gharama ya kupinga mswada.

Ukimaliza, andika majina katika safu mbili, wanaopata na wanaopoteza. Safu ya wanaopoteza ikiwa tupu au dhaifu, na jimbo lako lina mlango, nenda kwa wapiga kura na uandike katika katiba. Ikiwa na sekta moja yenye nguvu, subiri kura 51 na uanze sasa kuandaa watu wa kusoma vighairi, kwa sababu nafasi ikija hukaa miezi michache tu. Ikiwa na sekta zote nne, mswada wako una mambo mengi mno: ugawe, anza na kipande kinachowaacha wawili kati yao nyumbani, na hao wawili ndio wa kuwaalika mezani.